Vibali Viko kwa Mtani

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Naogopa radi, naogopa ng'ombe wenye pembe, naogopa ngazi za ghorofa ambazo bado hazijawekwa ukingo, na kuliko vyote naogopa mtu mwenye sare anayeniuliza karatasi. Ndiyo maana karatasi zangu huwa zimekamilika. Nimefanya kazi ya ofisini hapa Kibaha miaka mingi, na nimeona watu wazima wakirudishwa nyumbani wakilia kwa sababu ya muhuri mmoja uliokosekana. Mume wangu hunicheka. Husema siku ya kiyama nitafufuka na cheti changu cha kuzaliwa mkononi, kimeshawekewa plastiki. Namwambia acheke tu, ila akikwama asiniite.

Yeye ugonjwa wake ni kanga wa porini. Amezaliwa Mzenga, upande wa Kisarawe, katika nyumba ya baba aliyewinda kwa gobore, na hajawahi kupona. Kazini anavaa tai, barabarani anapambana na foleni ya kwenda mjini kila asubuhi, lakini kiangazi kikiingia unamwona anaanza kutazama juu ya miti ya jirani kama amepoteza kitu. Alipofikia umri wa kumiliki bunduki yake ya marisau alifuata taratibu zote, maana yake mimi nilimfuatia taratibu zote.

Watu wengi hudhani ukishakuwa na leseni ya bunduki basi umemaliza. Hujamaliza. Ile ni ruhusa ya kuimiliki tu. Kuwinda ni kibali kingine, cha msimu, kinachotaja eneo la serikali utakalowindia, aina ya ndege na idadi yao. Na eneo ambalo mume wangu hupangiwa liko ng'ambo ya msitu wa hifadhi, kwa hiyo tunahitaji na kibali cha kuingia msituni, hata kama unachotaka humo ni kutandika mkeka na kunywa chai. Hicho cha msituni ndicho changu. Sijawahi kumpiga ndege yeyote na siwezi. Mimi hukaa kivulini, nasoma, nasikiliza miti, na kwa siku hiyo moja ya mwaka sisikii mtu akiniita mama nanihii fomu yangu iko wapi.

Masharti nayajua kwa kichwa. Vibali viwe halisi, si nakala wala picha ya kwenye simu. Mwenye kibali awe nacho mwenyewe mwilini. Ndani ya msitu bunduki iwe imefungwa kwenye mfuko wake, haina risasi. Hakuna kuwasha moto. Na huko ng'ambo, kwenye eneo la kuwindia, hakuna kufyatua hata moja mpaka askari wa wanyamapori wa wilaya awe amesimama pamoja nanyi. Ukivunja sharti dogo unapewa onyo. Ukikutwa na bunduki ndani ya hifadhi bila kibali, hiyo si onyo tena. Hiyo ni mahabusu, na mahabusu ya kesi za namna hiyo watu huingia wakiwa na nywele nyeusi.

Sasa nieleze habari za shemeji yangu, kwa sababu bila yeye hakuna cha kusimulia.

Shemeji ni mdogo wa mume wangu. Alibaki Mzenga, analima mihogo na ana mikorosho ya urithi. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, wao ni Wazaramo, na kila mtu nchi hii anajua kwamba hao ni watani. Juu ya utani wa kabila kuna na huu wa ushemeji. Basi kati yangu na yule mtu hapakuwa na salamu hata moja ya heshima. Kwa kuwa ni mke wa kaka yake, ilimpasa aniamkie. Hakuniamkia siku hata moja. Alikuwa akiingia kwangu Kibaha anauliza tangu mlangoni, "Mtumwa wangu, umepika?" Nami hujibu, "Nimepika, lakini mbwa wanakula nje." Majirani waliohamia karibuni kutoka bara walikuwa wakishangaa, wengine wakaenda kumuuliza mume wangu kama nyumbani kuna ugomvi.

Utani una sheria zake. Huruhusiwi kukasirika. Ukifichiwa kiatu, unakitafuta. Ukiitiwa watu kwamba umekufa, unatoka nje uonekane kwamba u hai. Na mtani wa kweli humkuti anacheka mbali na wewe. Niliposhonwa tumbo hospitali, aliyekaa na mimi mchana kutwa, akimwomba daktari anipunguze na ulimi kwa kuwa kisu kiko tayari, ni yeye. Nilimwambia ananitonesha mshono kwa kunichekesha. Akasema anajua, ndiyo kazi yenyewe.

Mwaka ule tulilala kwake Mzenga ili tuamkie msituni. Jioni nilikagua bahasha: kibali cha kuwinda, kibali cha kuingia hifadhini, vyote viwili. Nikaiweka kwenye mkoba wangu, mkoba nikautundika msumarini. Asubuhi tukanywa chai na mihogo ya kuchemsha. Shemeji alikuwa mtulivu mno. Alisema tutangulie na gari, yeye anamsubiri mtu wa mihogo, atatukuta kwa bodaboda. Nikamwambia akichelewa tutagawana sehemu yake ya kanga. Akasema, "Nenda, mtumwa. Leo utanikumbuka."

Baadaye ndipo nilipojua alichokipanga. Pale panapoanza msitu, kwenye kibao cha serikali, kwa kawaida hukaa mlinzi mmoja mzee ambaye shemeji anamfahamu. Alitaka nifike pale, nifungue bahasha mbele ya mlinzi, niishiwe nguvu, halafu yeye atokee na bodaboda nyuma yangu na vibali mfukoni mwa shati. Tungechekwa mpaka Maneromango. Kwa mtani, ulikuwa mpango mzuri.

Lakini siku ile mlinzi hakuwepo. Kibanda kilikuwa kitupu, mlango umefungwa kwa kamba. Na shemeji, njiani, alipata pancha.

Tukaegesha gari, tukaingia kwa miguu. Mume wangu alibeba bunduki kwenye mfuko wake, zipu imefungwa, marisau yako kwenye kijaluba kiunoni. Mimi nilibeba mkeka, chupa ya chai na mkoba. Majani makavu yalikuwa mengi njiani, kila hatua inasikika. Nakumbuka nilikuwa na furaha. Nilikuwa namweleza mume wangu habari za mtu mmoja wa ofisini, naye anajibu "mm" kwa namna ya mtu anayesikiliza ndege.

Kisha tukasikia mlio wa bunduki. Mmoja, ukafuatiwa na wa pili. Haukuwa karibu, lakini ulikuwa ndani ya msitu.

Mume wangu alisimama. "Hiyo si ya ndege," akasema.

"Ni ya nini?"

Alinishika mkono akanigeuza tulikotoka. Mume wangu si mtu wa kugeuka. Tulikuwa tumepiga hatua chache kurudi nyuma ndipo sauti ikatoka kulia kwetu, karibu sana, ya mtu ambaye alikuwa ametuona muda mrefu.

"Simama hapo hapo! Weka huo mfuko chini. Polepole."

Walikuwa watatu, askari wa doria wa hifadhi. Kiongozi wao alikuwa mtu mzima mwenye mvi ndevuni. Wa pili alikuwa mnene na hakusema neno tangu mwanzo hadi mwisho. Wa tatu alikuwa mwembamba, shingo ndefu, na bunduki yake ilikuwa imenielekea mimi. Nilitazama mikono yake kwa sababu sikuweza kumtazama usoni. Ilikuwa inatetemeka. Nimewahi kuogopa watu wenye hasira, nimewahi kuogopa walevi, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyomwogopa yule kijana mwenye bunduki aliyekuwa anaogopa.

Mume wangu akaweka mfuko chini, akalazwa kifudifudi. Mtu wangu wa tai, mwenye shati nililompigia pasi mwenyewe, akalala na shavu kwenye majani, mikono kisogoni. Mimi nikaamriwa nikae. Nikakaa juu ya mkeka uliokunjwa.

Kiongozi akatueleza kwa maneno machache. Alfajiri walisikia milio, wamekuwa wakiifuata. Siku chache nyuma mwenzao alikatwa panga na wachoma mkaa huko huko ndani. Sasa wanatukuta sisi, na bunduki. "Vibali," akasema.

Hapo, niamini, nilipata nafuu. Ndiyo siku niliyokuwa nimejiandalia maisha yangu yote. "Vipo, afande," nikasema. "Vyote vipo. Na leseni ya bunduki anayo mwenyewe mfukoni." Nikafungua mkoba taratibu ili wasishtuke, nikatoa bahasha, nikampa kwa mikono miwili.

Akaifungua. Akatoa kadi nene yenye maua ya dhahabu pembeni. Akaisoma kimya, kisha akaisoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayejaribu kuelewa anatukanwa kwa namna gani. Ilikuwa kadi ya kuomba mchango wa harusi ya mtoto wa dada yao. Familia ilikuwa na furaha kubwa kunishirikisha.

"Mama," akasema, "mimi na wewe tunaonana mara ya kwanza. Unanitania?"

Nilijua palepale. Sikuhitaji kuwaza. Niliona mkoba msumarini, niliona utulivu wa shemeji mezani, nilisikia "leo utanikumbuka". Na kwa kuwa mimi nikiogopa husema ukweli wote bila kuuchambua, nikausema.

"Si mimi, afande. Ni shemeji yangu. Yeye ni mtani wangu. Ameviiba vibali na kuniwekea hiyo kadi ili anicheke. Viko kwake. Anakuja."

"Anakuja wapi?"

"Hapa. Anatufuata."

Naapa nilidhani nimetuokoa. Lakini kiongozi hakusikia utani wala harusi. Alichosikia ni kwamba kuna mtu wa tatu msituni, na anakuja. Akawageukia wenzake na kuwaonyesha kwa mkono, huku na huku. Yule mnene akaingia nyuma ya mti mkubwa. Mwembamba akapiga goti kwenye kichaka upande wa njia.

"Wako wangapi?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Mmoja, afande. Ni mkulima. Hana kitu."

"Kama alivyokuwa hana kitu huyu mumeo?"

"Mpigie askari wa wanyamapori wa wilaya, anatusubiri ng'ambo, anatujua kwa majina..."

Akanionyesha simu yake. Hakukuwa na mtandao. Kisha akaweka kidole mdomoni. "Mama, sitaki kukuumiza. Ukitoa sauti kumwonya, nitajua mko pamoja." Naye akajibanza nyuma ya mti, hatua chache kutoka kichwa cha mume wangu.

Nikabaki peke yangu njiani, nimekaa juu ya mkeka, mume wangu amelala mbele yangu. Mtu angetokea pale angetuona sisi wawili tu, mmoja amelala na mwingine amekaa, kama watu waliochoka matembezi.

Sijui tulikaa vile muda gani. Nilijikojolea kidogo, na nalisema kwa kuwa ni kweli. Nilikuwa nawaza mambo mawili kwa zamu. La kwanza, mume wangu mahabusu, watoto nitawaambia nini. La pili, shemeji asije. Nilimwomba Mungu shemeji asije, bodaboda yake iharibike njiani, mtu wa mihogo amshike shati asimwachie. Lakini bila shemeji hakuna vibali, na bila vibali mume wangu haendi popote. Nikawa namwomba Mungu vitu viwili visivyoweza kukaa pamoja.

Kisha nikasikia mluzi. Alikuwa anapiga mluzi wimbo wa harusini, anatembea kwa raha. Mluzi ukakaribia. Halafu ukakatika ghafla.

Wale askari walidhani amewaona. Niliona shingo ya mwembamba ikikakamaa. Mimi peke yangu nilijua maana ya ule ukimya, maana nimeishi nao miaka yote. Alikuwa ametuona sisi, mimi na kaka yake, tuko chini bila kusema. Alidhani tumeshagundua na tumechanganyikiwa. Sasa alikuwa ananyata ili atushtue.

Majani yalikuwa yanasagika taratibu, yanaacha, yanasagika tena. Nikaliona shati lake la bluu kati ya matawi. Alikuwa ameinama. Na mikononi, Mungu wangu, alikuwa ameokota tawi kavu, refu, jeusi, ameliweka begani na kulilenga kwetu kama gobore la baba yao.

"Mikono juu, watumwa!" akapiga kelele.

Nikasikia chuma kikilia upande wa kichaka cha yule mwembamba. Sijui bunduki, sijui kifaa gani hulia vile. Lakini hakuna mtu asiyeujua mlio ule anapousikia.

"Tupa silaha chini!" kiongozi akanguruma nyuma ya mti.

Shemeji akacheka. Alicheka kwa moyo wote. Alikuwa haoni mtu mwingine ila sisi, akadhani ni kaka yake anayejifanya. "Kaka, hiyo sauti umeazima kwa nani?" Akapiga hatua mbele, tawi bado liko begani.

"Shemeji, lala chini!" nikapiga kelele. Sikujali tena nimeambiwa nini. "Lala chini! Kuna askari!"

"Lala wewe! Lini mtumwa akamlaza bwana wake?"

"Kweli, shemeji! Nakuapia!"

"Jana uliniapia mbwa wamekula ugali wangu." Akapiga hatua nyingine.

Hapo ndipo nilipoona tumefika wapi. Hakukuwa na neno ambalo angeliamini. Kwa miaka yote ile nimeshamlilia msiba wa uongo, nimeshaapa kwa kaburi, nimeshapiga yowe la nyoka. Kilio changu alikijua kama mchezo, kiapo changu alikijua kama mchezo. Ningeweza kupasuka koo, na angeendelea kuja huku anacheka mpaka yule kijana avute.

Nikasimama. Nilisikia mtu akisema "kaa!" na sikukaa. Nikakunja mikono kifuani, nikainama kidogo, kama ninavyowainamia wakwe zangu, nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Shikamoo, shemeji."

Akasimama.

"Nakuamkia," nikasema. "Shikamoo."

Sijui nilichoonyesha usoni. Najua nilichokiona kwake. Kicheko kilibaki mdomoni lakini macho yakaondoka. Mke wa kaka yake mkubwa, mtani wake, mtumwa wake wa Tabora, anamwinamia na kumwamkia katikati ya msitu. Hakuna mchezo wa namna hiyo. Hatukuwahi kuwa nao. Alinitazama, akamtazama kaka yake majanini, na nadhani ndipo alipoona kwamba mikono ya kaka yake iko kisogoni. Tawi likamdondoka. Akapiga magoti, kisha akalala kifudifudi taratibu, bila mtu kumwambia tena, na mikono akaipeleka mbele mbali na mwili.

Kisha nikasikia yule mwembamba anapumua, pumzi ndefu ya kukatikakatika, akatoka kichakani akaketi chini na kuiweka bunduki yake kando kama kitu kilichomwunguza.

Vibali vilikuwa kwenye mfuko wa shati la shemeji, vimekunjwa vizuri, vimelowa jasho. Kiongozi akavisoma mbele na nyuma. Akalinganisha na leseni ya bunduki. Akafungua mfuko, akakuta bunduki haina kitu, akanusa mdomo wake, akajua haijalia siku nyingi. Kisha akaliokota lile tawi. Alilishika muda, akilipima mkononi.

"Mama," akasema bila kunitazama, "kijana wangu alikuwa ameshaanza kuvuta."

Mume wangu akainuka, akajipangusa majani shavuni.

Hatukuwinda. Kiongozi alitueleza, kwa upole ambao ulinitia hofu kuliko ukali, kwamba vibali ni halali lakini kibali kinatakiwa kiwe kwa mwenyewe, na wenyewe tuliingia mikono mitupu, kwa hiyo lazima tukaandike maelezo. Tulifuatana nao hadi ofisini. Waliandika, wakatupa onyo, wakaturudishia bunduki, na alasiri tukaruhusiwa kuondoka. Yule askari wa wanyamapori wa ng'ambo alitusubiri siku nzima, masikini, na mume wangu akampigia kumwomba radhi. Waliofyatua zile risasi msituni sijui kama walipatikana.

Shemeji alikaa kiti cha nyuma hadi Mzenga. Mara moja nilimwona kwenye kioo, amefumba macho, mkono uko kwenye mfuko wa shati uliokuwa na vibali, anaupapasa ingawa ulikuwa mtupu. Tulipofika alishuka, akamwambia kaka yake, "Safari njema." Mimi hakuniambia kitu. Bado nilikuwa nasikia ule mlio wa chuma.

Nausikia hadi leo. Mtu akifunga kitasa ofisini, nashtuka. Mume wangu kanga hawataji tena, na bunduki iko kabatini imefungiwa. Msimu uliofuata nilimuuliza kama nimfuatilie kibali. Akasema mwaka huu apumzike. Mwaka ule mwingine sikumuuliza.

Shemeji hakuja Kibaha kwa miezi mingi. Mume wangu alikuwa akimpigia, anajibu kwamba kazi shambani ni nyingi. Kisha Jumamosi moja nikasikia hodi. Hodi! Mtu aliyekuwa akiingia kwangu akifunua masufuria. Nikatoka, nikamkuta amesimama nje ya mlango na gunia dogo la mihogo, amechomekea shati.

"Shikamoo, shemeji," akasema.

Nikasubiri. Nilisubiri kile kinachofuata, jicho moja kufinyika, mdomo kwenda upande. Hakikuja. Alikuwa anasubiri jibu.

"Marahaba," nikasema. "Karibu."

Akaingia, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akauliza kuhusu kazi. Nikajibu kazi inaendelea. Nikauliza kuhusu mikorosho. Akajibu mwaka huu si mbaya. Tulikuwa kama watu waliopangiwa kukaa pamoja kwenye basi. Nikaona siwezi kuendelea vile, nikaenda jikoni, nikamwandalia chai, na ndani yake, mahali pa sukari, nikatia chumvi. Vijiko viwili vilivyojaa. Nikaikoroga vizuri. Nikawaza, atatema, ataniita majina yote, ataita majirani waje waone alivyowekewa sumu na mtumwa, na mambo yatakwisha.

Nikampa, nikakaa mbele yake.

Akanywa. Niliona koo lake likikataa halafu likikubali. Akatua kikombe, akakishika tena, akanywa. Hakukunja uso. Aliinywa chai ile yote hadi chini, funda kwa funda, huku akinitazama kwa adabu, kisha akafuta mdomo kwa kiganja.

"Asante, shemeji," akasema. "Chai nzuri."

Nikamnyang'anya kikombe. "Nitukane," nikamwambia. Machozi yalikuwa yameshafika. "Shemeji, nakuomba, nitukane kidogo tu."

Akafungua mdomo. Nilimwona anatafuta, na nilimwona amelipata neno, liko pale pale ulimini. Kisha akageuza macho, akatazama mlango, akatazama dirisha, kama mtu anayekagua kwanza kama kuna mwingine nyuma ya pazia. Akafunga mdomo.

"Watoto hawajambo?" akauliza.